Kidole Kidogo cha Kinyozi

Benchi letu liko ubavuni mwa duka la Kinyozi, chini kabisa ya dirisha lake, na mguu wake mmoja umevunjika ukawekewa tofali. Anayekaa upande wa tofali hatakiwi kusogea ghafla, maana akisogea sote tunaoga kahawa. Hapo ndipo tunapokutana kila asubuhi kabla kazi hazijakolea: Kurasa, anayeuza vitabu vya mitumba kwenye turubai kando ya njia, Breki, fundi wa magari, aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake hauna, Shangazi, anayepika kahawa na kutuuzia, na mimi, fundi cherehani, ninayeitwa Mita kwa ajili ya utepe unaoshinda shingoni mwangu. Shangazi tunamwita hivyo sote, ila yeye ni shangazi wa kweli wa mtu mmoja tu, naye ni Kinyozi mwenyewe, mtoto wa marehemu kaka yake. Kijiwe hiki kina sheria moja: kahawa inapikwa na Shangazi, lakini humiminwa na Kinyozi. Hakuna mkono uliotulia kama ule. Analiinua birika juu, anakutazama usoni huku anakupa habari za mtaani, na kahawa inaingia kikombeni bila tone kupotea. Miaka yote ilikuwa hivyo, mpaka asubuhi ile alipommiminia Kurasa kahawa gotini.

Tulicheka. Kurasa aliruka, Breki akapiga makofi, na Kinyozi mwenyewe alicheka kutuzidi huku akimfuta mwenzake goti kwa taulo la dukani. Shangazi hakucheka, na nilipouona uso wake kicheko changu nacho kikanikauka. Baba yake Kinyozi, aliyekuwa kinyozi kabla yake katika duka hilihili, alianza vivyo hivyo. Kwanza mkono ulikosea kikombe. Baadaye ukawa unacheza wenyewe, kisha mabega, kisha mwili mzima, mpaka mzee wa watu akawa wa kulishwa na kushikwa, na akili nayo ikamtoka taratibu. Yalimkuta akiwa na umri huuhuu alio nao mwanawe leo. Jioni ya siku ile ya kahawa, Kinyozi alimfuata Kurasa kwenye turubai lake akamwambia kwa sauti ya chini: nitafutie kitabu cha mambo ya kurithi, damu na magonjwa, na kisiwe cha watoto. Kabla ya giza sote tulikuwa tumeshajua, kwani ukimpa Kurasa siri umeipeleka redioni.

Leo asubuhi Kurasa kaja na kifurushi cha gazeti kwapani. Kinyozi yumo ndani, anafuta kioo. Siku hizi anafuta sana kioo.

Kurasa: Nimevipata. Vitatu, na mchwa hawajavigusa.

Breki: Lete tuvikague.

Kurasa: Uvikague, umekuwa trafiki? Hivi ni vya mwenyewe.

Breki: Mwenyewe ni mwenzetu. Wahenga walisema, mla mla leo, mla jana kala nini?

Hapo wahenga walikuwa na shughuli nyingine kabisa, lakini Breki haulizi methali inakwenda wapi. Anaipandia tu.

Shangazi: Punguzeni sauti, dirisha liko wazi. Na hivyo vitabu havifiki kwake. Nimeshasema.

Kurasa: Shangazi, mtu kaagiza.

Shangazi: Na mimi nimeagiza visifike. Aliyemlea ni nani, wewe au mimi?

Kurasa akafungua gazeti taratibu, kama anayefungua kidonda. Cha kwanza kilikuwa kinene kama tofali la benchi, cha vyuoni, kimejaa picha za ngazi zilizosokotwa. Cha pili chembamba, cha sekondari, kina michoro ya njegere za kijani na za njano, na maswali ya zoezi kila baada ya sura. Cha tatu hakina jalada. Hicho, Kurasa alisema, hakifundishi vinasaba vyenyewe. Kinauliza binadamu atafanya nini akishavijua.

Breki: Soma hapo penye ugonjwa. Usituzungushe na njegere.

Kurasa akavaa miwani, akatafuta, akapata. Akasoma kwa sauti ya kanisani: kuna magonjwa ambayo mzazi mmoja akiwa nayo anatosha. Kila mtoto anayezaliwa, uwezekano wa kuyarithi ni nusu.

Ndani, kitambaa kililia kwenye kioo, kwii, kwii.

Breki: Nusu. Haya, tufanye hesabu. Marehemu aliacha watoto wangapi?

Shangazi: Wawili. Huyu na kaka yake.

Breki: Kaka yake si yule mwenye lori? Nilimwona mwezi uliopita anafunga kamba ya mzigo, mkono umetulia kama chuma. Ana umri gani?

Shangazi: Kamzidi huyu miaka mingi tu.

Breki: Basi yeye kaponea. Na nusu ya wawili ni mmoja. Kaka kachukua nusu ya uzima, huyu kabakiwa na nini? Jamani, sisemi mimi, inasema hesabu.

Kurasa: Hapana, soma vizuri. Kitabu kinasema kila mtoto kivyake. Si keki hiyo, mmoja akila mwingine akose.

Breki: Nusu ni nusu. Mkate ukiukata katikati, unapata vipande viwili, si kimoja na maelezo.

Nilitamani kumpiga na utepe. Nikaokota kizibo cha soda chini ya benchi, nikamwambia akirushe. Kikiangukia mgongo ni uzima, kikiangukia tumbo ni ugonjwa. Akarusha. Mgongo. Nikamwambia, sasa kwa hesabu yako lazima kije tumbo. Akarusha tena. Mgongo. Akarusha mara ya tatu huku amekiinamia kama mganga. Mgongo.

Mimi: Unaona? Kizibo hakikumbuki kilichotangulia.

Breki: Kizibo hakina ukoo, ndiyo maana.

Na hilo, Mungu anisamehe, lilinichoma kidogo, kwa sababu lilikuwa limefanana na akili.

Kitasa kikalia. Kabla sijafumba macho Shangazi alikuwa ameshavizoa vitabu vyote vitatu, kaviweka kwenye kigoda chake, kavikalia. Kinyozi alitokeza kichwa mlangoni, taulo begani.

Kinyozi: Kahawa imeiva?

Shangazi: Imeiva, mwanangu. Nimeshamimina.

Aliviangalia vikombe vyetu, vimejaa tayari. Akaliangalia birika. Akarudi ndani, na baada ya muda kitambaa kikaanza tena, kwii, kwii. Yapata wiki ya pili sasa Shangazi anamimina mwenyewe, na Kinyozi hajauliza kwa nini. Hilo ndilo linaloniogopesha kuliko yote. Mtu asiyeuliza ameshajijibu.

Breki: (akinong'ona) Mmemwona alivyoshika mlango? Kaegemeza kidole kidogo.

Mimi: Hata mimi naegemeza kidole nikishika mlango.

Breki: Sisemi mlango peke yake. Anaponyoa! Si huwa anaegemeza kidole kidogo kwenye shavu la mtu? Mimi kanisafisha kidevu miaka nenda miaka rudi, kile kidole kiko hapa, shavuni, hakibanduki. Sasa nijibuni, mtu mwenye mkono mzima anaegemeza nini? Gari lenye jeki ni gari bovu.

Kurasa: Ameegemeza tangu zamani. Tangu kijana.

Breki: Basi ugonjwa ulimwanza tangu ujana! Haba na haba hujaza kibaba.

Shangazi alikuwa anachochea jiko la mkaa kwa kijiti. Akakiacha.

Shangazi: Sikilizeni niwaambie kitu, halafu mnyamaze. Kaka yangu hakuwa anaegemeza kidole. Zamani alikuwa ananyoa mkono hewani, mpaka watu wanakuja kutazama. Ulipoanza kumsumbua, ndipo akabuni ile ya kuegemeza, ili mkono upate pa kushika. Hakumwambia mtu. Na huyu mtoto ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kazi. Alisimama pale kando ya kiti akatazama, akadhani ndivyo kazi inavyofanywa. Akaiga kidole, hakujua anaiga ugonjwa.

Hata Breki alikunywa kahawa.

Kurasa: Subiri. Hebu inuka kidogo, Shangazi.

Akachomoa kitabu cha njegere chini yake, akapekua mpaka mwisho wa sura.

Kurasa: Kipo hapahapa! Sikieni swali la nne. "Tofautisha kati ya sifa za kurithi na sifa za kujifunza, kwa kutoa mifano. Alama nne."

Mimi: Jibu lake?

Kurasa: Majibu yalikuwa nyuma. Wamechana.

Breki: Wanafunzi hao. Walichana wakaingia nayo kwenye mtihani. Sasa wamekuwa wakubwa maofisini, sisi tumeachiwa maswali.

Ningependa kusema tuliishia hapo. Lakini hofu ni kama mgeni wa jioni, ukishampa kiti haondoki mapema. Breki alikuna kidevu, kharr, kharr, akasogea mbele.

Breki: Mimi nawaambieni jambo hili la damu ni zito, hamlijui. Mnakumbuka nilipoangukiwa na injini? Niliongezewa damu. Mnajua damu ya nani? Ya mlinzi wa usiku. Nilimwona kwa macho yangu, kalala kitanda cha jirani kwa sare. Tangu siku ile, mchana sipati nguvu, nasinzia chini ya magari. Usiku macho makavu, kila mbwa akibweka nataka kwenda kuangalia geti.

Kurasa: Vinasaba haviambukizwi kwa kuongezewa damu. Kitabu kinene kimesema.

Breki: Kitabu kinene kimelala na mlinzi? Mimi ndiye nimelala naye. Na kama damu inapita hivyo, basi nijibuni, wembe je?

Mimi: Wembe umefanya nini?

Breki: Umetupita sote! Wembe uleule ulimkwaruza marehemu, ukanikwaruza mimi, ukakukwaruza wewe.

Mimi: Kinyozi anavunja wembe mpya kwa kila mtu. Mbele ya macho yako.

Breki: Yeye ndiyo. Marehemu je? Marehemu alikuwa na wembe mmoja wa kunoa kwenye mkanda. Na sisi sote tulianza kunyolewa na marehemu. Kwa hiyo damu zetu zimechanganyika zamani. Damu nzito kuliko maji! Sisi hapa ni ukoo mmoja, wala hatujaambiana. Jana spana ilinidondoka mara mbili.

Sitaki kueleza kilichofuata, lakini nitaeleza. Kurasa aliunyosha mkono wake mbele, kiganja chini, akautazama. Breki akaunyosha wake. Mimi najua ni upuuzi, najua kabisa, na bado nikaunyosha wangu. Shangazi naye akanyosha. Mikono minne hewani juu ya barabara, na yote ilikuwa inatetemeka.

Kurasa: Ni kahawa.

Breki: Kahawa gani, kikombe cha kwanza hiki.

Kurasa: Ni kahawa, nimesema!

Niliinua macho. Kitambaa kilikuwa kimenyamaza. Dirishani, juu ya vichwa vyetu, Kinyozi alikuwa amesimama, anaitazama mikono yetu. Macho yetu yalikutana. Kisha akageuka akarudi kwenye kioo chake. Niliushusha mkono wangu, lakini sikuwaambia wenzangu.

Shangazi alibaki ameunyosha wake, peke yake.

Shangazi: Mita, unajua kwa nini kila asubuhi nakuja kukutungia uzi kwenye sindano?

Mimi: Nilidhani unanisaidia. Macho yangu si mazuri.

Shangazi: Macho yako ni mazima kuliko ya paka. Nakuja kujipima. Baba yetu sisi alikufa kijana, mti ulimwangukia, kwa hiyo hatukujua kama ugonjwa ulitoka kwake au la. Kaka alipougua, mimi nikaanza kupima. Uzi ukiingia tundu la sindano, nasema Alhamdulillahi, leo bado. Nakwenda kuwasha jiko.

Mimi: Miaka yote hiyo, Shangazi?

Shangazi: Yote. Sasa mnataka huyu mtoto naye nimpe kitabu, aanze kutunga uzi? Ana binti yake nyumbani, wamekuja kumposa juzi. Binti naye atunge? Hapana. Mimi nimeyabeba peke yangu, yanatosha.

Kurasa alichomoa kitabu kisicho na jalada, na safari hii Shangazi aliinuka mwenyewe bila kuambiwa.

Kurasa: Hiki ndicho kinachosema habari hizo. Kinauliza, je, mtu ana haki ya kujua? Halafu ukifungua ukurasa wa pili kinauliza, je, ana haki ya kutojua?

Breki: Haki ya kutojua! Hiyo mimi ninayo tangu shuleni.

Kurasa: Usicheke. Kinasema mtu anaweza kupimwa leo, akaambiwa kitakachompata baada ya miaka ishirini. Sasa anauliza mwandishi, hiyo habari ni ya nani? Ni ya kwake peke yake? Maana ukimwambia baba, umemwambia na binti. Na mwajiri akiijua? Na bima? Na wakwe? Jamani, siku zinakuja posa haitapelekwa na wazee. Itapelekwa na karatasi ya maabara. Mshenga atakuwa na darubini! Atakaa sebuleni, atamwomba binti ateme mate kwenye kichupa, wazee wasubiri nje.

Breki: Na watoto watachaguliwa. Mtu ataingia dukani, nipe mmoja mrefu, asiyeumwa, mwenye kichwa cha hesabu. Watazaliwa madaktari watupu. Gari atatengeneza nani?

Kurasa: Vinyozi watapimwa mikono kabla hawajazaliwa. Utaletewa cheti tumboni.

Mimi: Kurasa! Na wewe umeanza?

Kurasa: Naogopa, Mita. Nikiogopa nazungumza. Goti ni langu lililomwagiwa. Kila nikiliona naona mzee wake anavyolishwa uji.

Hapo akatoa wazo lake, na lilikuwa baya kuliko ya Breki yote, kwa sababu lilisemwa kwa upole. Tumpe cha njegere tu. Kinene tukifiche, cha tatu tukichane zile kurasa za mwisho. Atasoma njegere za kijani na za njano, atapoa, atasahau. Shangazi akakubali kwa kichwa, akavirudisha vyote vitatu chini yake. Breki akasema funika kombe mwanaharamu apite, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile methali yake ilikaa mahali pake, ndiyo maana nikakasirika.

Mimi: Mtu mzima kawaomba kitabu, mnampa njegere? Kasema kisiwe cha watoto!

Shangazi: Sauti, Mita.

Mimi: Sauti nini? Tumemnyang'anya birika, sasa tunamnyang'anya na kitabu. Tutambakiza nini?

Breki alikuna kidevu. Kurasa alikuna cha kwake. Na mimi, nikiwa katikati ya hasira yangu tukufu, nikajikuta mkono wangu uko kidevuni, unakuna.

Ndipo akatokea mgeni. Kijana mmoja, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, bahasha kwapani, na mashavu yenye vinyweleo vya siku kadhaa. Alisimama mbele ya benchi akatusalimu mmoja mmoja kwa heshima.

Mgeni: Samahanini wazee wangu. Nina usaili wa kazi leo, nimeshuka tu kutoka safari. Hapa ndipo kwa kinyozi?

Breki: Mgeni njoo mwenyeji apone! Hapa ndipo.

Mgeni: Ananyoa vizuri?

Swali jepesi namna hiyo. Angeliuliza mwezi mmoja nyuma, tungelimjibu sote kwa pamoja, tungelimbeba tukamkalisha kitini. Sasa Breki alifungua mdomo, ukabaki wazi. Kumbe breki anazo. Kurasa alivua miwani akaifuta. Shangazi alijiweka sawa juu ya vitabu.

Mgeni alitutazama, akaanza kwa Breki, akaja kwa Kurasa, akaishia kwangu. Nikaona macho yake yanapoelekea.

Mgeni: Mnisamehe, lakini si wanasema mwenzako akinyolewa, zako tia maji? Mbona nyinyi mmekaa mlangoni kwa kinyozi, na wote mna ndevu?

Barabara ilikuwa na kelele zake, pikipiki, watu, jirani anapiga nyundo bati. Lakini pale benchini mkaa ulisikika ukipasuka jikoni. Tangu siku ya goti la Kurasa hakuna hata mmoja wetu aliyekaa kwenye kile kiti. Hatukuambiana. Hatukupanga. Kila mmoja alikuwa na sababu yake, mimi nilisema ngozi inaniwasha, Breki alisema ameweka nadhiri, Kurasa alisema ni mtindo. Na watu wa mtaani, wakipita wakatuona wateja wake wa kudumu tumeota vichaka, nao wakapita moja kwa moja mpaka duka la mbele. Sisi ndio tuliolifunga duka lile, tumekaa nje yake tukimhurumia.

Kinyozi: Karibu, mgeni.

Alikuwa mlangoni, shuka jeupe mkononi. Sijui alisimama pale tangu lini.

Kinyozi: Swali lako zuri. Hata mimi nasubiri wanijibu.

Shangazi: Mwanangu...

Kinyozi: Shangazi, shikamoo tena. Hivyo vitabu ulivyovikalia, ukivichoka, nipe. Vyote vitatu. Na Kurasa asichane kitu, hilo dirisha halina kioo.

Shangazi aliinama. Nilidhani analia, kumbe alikuwa anavitoa. Alimkabidhi kimoja kimoja, na cha tatu alikishikilia kidogo kabla ya kukiachia.

Kurasa: Ndugu yangu, tulikuwa tu...

Kinyozi: Najua. Niambie wewe Kurasa, siku ile, nani alikuwa amekaa upande wa tofali?

Kurasa alifikiri. Akamtazama Breki polepole. Na mimi nikakumbuka. Breki ndiye, na aliunyosha mkono kuchukua sukari.

Breki: Mimi nilisogea kidogo tu!

Kinyozi: Benchi lilicheza, au mkono wangu ulicheza. Au vyote viwili. Mimi sijui, ndiyo maana naomba kitabu. Nyinyi hamjui, na mmeshanihukumu.

Hakusema kwa ukali. Angelisema kwa ukali ningelipata nafuu.

Mgeni alikuwa anatazama huku na huku, masikini, hajui ameingilia msiba gani. Akasema kwa adabu kwamba hana haraka sana, kama kuna aliyemtangulia yeye atasubiri aone kwanza. Hatukumlaumu. Hata mimi ningesubiri nione.

Breki akatazama viatu vyake. Kurasa akalitazama goti lake. Mimi nikasimama. Sijui nani alinisimamisha, miguu iliondoka na mimi nikaifuata. Nilivua utepe shingoni nikampa Shangazi anishikie, kwa maana mbele ya wembe shingo inatakiwa iwe wazi.

Kiti kilikuwa cha baridi. Kioo kilikuwa safi kuliko nilivyowahi kukiona, na ndani yake niliwaona wenzangu wamejazana mlangoni, pamoja na mgeni na bahasha yake. Kinyozi alinifunga shuka. Akapaka povu. Akavunja wembe mpya, akanionyesha kwanza, kama anavyofanya siku zote.

Kinyozi: Unaogopa, Mita?

Mimi: Naogopa.

Kinyozi: Hata mimi.

Akanilaza kichwa nyuma, na nikafumba macho. Nikakisikia kile kidole kidogo kinatua shavuni mwangu, palepale, mahali pake pa miaka yote. Kitu kilikuwa kinatetemeka. Nilijitahidi sana kujua kama ni kidole chake au ni shavu langu, nikashindwa.

Endelea, nikamwambia.